Jina Lililotangulia Voronezh

Walicheka tena.

Zuleha aliikanyaga pedeli ya cherehani mpaka uzi ukakatika. Mikono yake ilikuwa kwenye blauzi ya mteja, lakini macho yalikuwa kwenye meza ndogo ya sebuleni, ambako mchumba wake Lukmani na yule Mwingereza, Hazel, walikuwa wameinamia daftari moja, wakicheka jambo ambalo Kibondo nzima walilijua wao wawili tu.

"Zule, uzi umekuishia?" Lukmani aliuliza bila kuinua uso.

"Haujaisha. Umekatika."

"Pole."

Pole! Pole ya kumpa mtu aliyejikwaa barabarani, kisha Lukmani akarudi kwenye daftari lake. Zuleha akatunga uzi upya huku roho ikimchoma. Mwanamke anaweza kuvumilia mengi, lakini kumsikia mwanaume wake akicheka kwa lugha asiyoijua, na mwanamke mwingine, umbali wa hatua nne, hilo lina uchungu wake.

Lukmani Khamisi alikuwa daktari wa mifugo, mzaliwa wa Kasulu. Alisomea Urusi, katika mji wa Voronezh, miaka sita mizima. Alirudi na shahada, koti zito lisilo na siku ya kuvaliwa, na lugha ambayo, kwa alivyojua Zuleha, hakuwa na wa kuzungumza naye. Miaka mitano hakuna aliyemsikia akikizungumza, hadi alipotokea huyu Hazel, mtaalamu wa maji katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Hazel aliposikia kwamba daktari wa ng'ombe anakijua Kirusi, alimfuata hukohuko josho la ng'ombe akamwomba amfundishe.

Shangazi Swaumu ndiye aliyetoa hukumu. Alikuwa na duka la vitenge mbele ya nyumba, na Zuleha, mtoto wa kaka yake, alikuwa amehamia kwake kutoka Kasulu kushona nguo za wateja.

"Mwanaume aliyekwishaposa hakai chumbani na mwanamke mwingine, awe mzungu, awe malaika," alisema. "Mkitaka kusoma, mje msomee sebuleni kwangu. Zuleha atakuwepo na cherehani yake."

Ikawa hivyo, kila Jumanne na Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Bibi wa watu akaona amemaliza kazi. Hakujua amemketisha mtoto wa watu mahali pa kuumia mara mbili kwa wiki.

Siku ile somo lilikuwa gumu. Hazel alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwalimu, sielewi," alilalamika kwa Kiswahili chake cha kuvuta. "Kwa nini nyumba ni mwanamume, kitabu ni mwanamke, na dirisha si huyu wala huyu? Na kwa nini 'mpya' inabadilika? Kwa Kiingereza 'mpya' ni 'mpya' tu. Inakaa palepale. Haisumbui mtu!"

"Kwa Kirusi inamfuata mwenzake," Lukmani alimwambia kwa upole. "Mwenzake akibadilika, na yenyewe inabadilika. Rudia tena. Novi dom. Novaya kniga. Novoye akno."

"Novi kniga…"

"Hapana, Hazel. Novaya."

Zuleha alimsikiliza mtu mzima yule akihangaika, akashangaa moyoni. Kwani kigumu nini hapo? Nyumba mpya, kitabu kipya, dirisha jipya. Mtoto wa darasa la kwanza hapigwi kwa hilo. Aliliokota neno kniga, akaliandika kwa chaki pembeni mwa karatasi ya kaki aliyokatia mfano wa mkono wa blauzi. Hakujua kwa nini aliliandika.

Kisha ikaja ile sauti. Warusi wana sauti moja ambayo Mwingereza hata umkabe koo haitoki. Lukmani akamsogelea mwanafunzi wake, akaonyesha kwa mdomo wake mwenyewe.

"Rudisha ulimi nyuma. Tanua midomo, lakini usicheke. Angalia mdomo wangu."

Hazel akauangalia mdomo wa Lukmani. Lukmani akauangalia mdomo wa Hazel.

Na Zuleha akajidunga sindano.

Jioni ile alimsubiri Lukmani mlangoni, Hazel akiwa ameshapanda gari la shirika lake na kuondoka.

"Nikuulize kitu, Lukmani?"

"Uliza, malkia wangu."

"Hicho Kirusi hakifundishiki bila kuangaliana midomo?"

Lukmani akaangua kicheko, halafu akaona uso wa mchumba wake akakimeza. "Zule, jamani! Ni sauti tu ile. Mimi mwenyewe mwalimu wangu alinishika kidevu wiki nzima."

"Mwalimu wako wa kike?"

Lukmani akajigusa kidevu. "Bibi kizee."

"Haya. Basi na mimi nifundishe."

"Wewe?"

"Ndiyo, mimi. Nina masikio, nina ulimi. Nikae nawe mezani kama yeye."

Alitegemea afurahi. Mwanaume anayependa lugha yake angefurahi. Lakini Lukmani aligeuza uso barabarani, akajifanya anaangalia mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Kakonko.

"Kirusi utakifanyia nini, Zule? Unataka kuwashonea Warusi? Hangaika na nguo zako za harusi. Siku zenyewe zimebaki chache."

Maneno yale yalimshuka Zuleha kama maji ya baridi mgongoni. Alimkata jicho, akaingia ndani bila kuaga. Usingizi haukuja mapema. Kwa Hazel milango iko wazi, kwake imefungwa. Kuna nini humo ndani?

Tangu siku ile akawa mwanafunzi wa wizi. Shangazi aliamini kwamba sikio lisilojua lugha halisikii, na Lukmani naye aliamini hivyohivyo. Wote wawili walikosea. Hazel alipotakiwa kurudia neno mara kumi, Zuleha alilirudia mara kumi kimoyomoyo, na mguu wake ukawa unakwenda na neno hilo kwenye pedeli. Aliandika kwa chaki kwenye karatasi za kaki, kwa herufi zake za Kiswahili: mat, mama. Dochka, binti. Sasyedka, jirani wa kike. Nye znayet, hajui. Kufika wiki ya kumi, kabati la karatasi za mifano lilikuwa limejaa Kirusi, na Hazel alikuwa bado anachanganya nyumba na kitabu.

Katikati ya hayo, simu za kutoka Kasulu hazikukoma. Mama yake Lukmani, Bi Asmahani, alikuwa amempenda Zuleha tangu siku mshenga, Mzee Dadi, alipopeleka barua ya posa. Kila Ijumaa akipiga simu lazima amalizie na lilelile.

"Mimi mwanangu sikudai kitu. Niletee jina langu tu. Binti wa kwanza wa mwanangu ni Asmahani, hilo halina mjadala. Mama yangu aliniachia mimi, na mimi namwachia mtoto wako."

"Inshallah, mama."

"Nimeshamshonea na kikofia."

Zuleha alicheka kwa haya. Peke yake, akikata vitambaa, alikuwa amekwisha kumwita mtoto huyo mara nyingi. Asmahani, njoo ule. Asmahani, usichezee mkasi.

Jumanne moja Hazel alikuja mapema, Lukmani akiwa bado kijijini Nyaronga kwa ng'ombe mgonjwa. Akasimama mbele ya cherehani akiwa na kitenge cha bluu mkononi.

"Zuleha, utanishonea gauni? Refu. La heshima. Nakwenda kumwona mama mkwe."

"Mama mkwe?" Futi ya kupimia ilimponyoka Zuleha mkononi. "Kwani una mchumba?"

"Timur! Lukmani hakukwambia? Tulifanya kazi pamoja Jordani. Mama yake anaishi Almaty, kule wanakozungumza Kirusi, hajui Kiingereza hata kidogo. Timur anasema atatafsiri yeye, lakini mimi nimekataa. Mwanamke anakuchukulia mwanao, halafu hawezi hata kukuomba kwa mdomo wake? Mbaya sana." Akacheka, macho yakimlengalenga. "Kwa hiyo ninajifunza. Kichwa changu ni jiwe, lakini ninajifunza."

Zuleha alijisikia vibaya mpaka akashindwa kumtazama. Alimpima kifua, kiuno, urefu. Kila namba aliyoitaja aliitaja kwa sauti ya chini. Wiki kumi alikuwa akimlaani mwanamke aliyekuwa akihangaikia baraka za mama mkwe. Gauni lile alilishona siku mbili, akaliwekea ukingo ambao hakuombwa.

Siku mbili hizo aliona amani. Alimpikia Lukmani samaki, migebuka ya nazi, akamchekea, akamwita mpenzi mbele ya shangazi bila kuona haya. Wivu ukamtoka kabisa, au ndivyo alivyodhani.

Alhamisi Hazel alikuja na furaha yake. "Leo mwalimu hakuna kuandika," alisema. "Mama yake Timur ataniuliza mambo ya familia. Leo maswali tu. Mimi nauliza, wewe unajibu. Kirusi peke yake."

Wakaanza. Una ndugu wangapi? Baba yako anafanya kazi gani? Zuleha alikuwa akitia lasi kwenye shela lake la harusi, akifurahia kwamba alikuwa anaelewa karibu kila kitu. Alikuwa amepanga kumshangaza Lukmani usiku wa harusi, amwambie neno moja la Kirusi sikioni, aone atakavyoruka.

"U vas yest dyeti?" Hazel akauliza. Una watoto?

Lilikuwa swali la daftarini tu. Jibu lake lilikuwa rahisi: hapana. Lakini Lukmani hakulisema. Aliizungusha kalamu vidoleni mpaka Hazel akainua uso kutoka kwenye daftari lake. Kisha, polepole, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba, akajibu kwa Kirusi kwamba anaye. Binti. Ana miaka saba. Yuko Voronezh na mama yake.

Hazel alibaki mdomo wazi. Akaitupia cherehani jicho la haraka, akauliza kwa kunong'ona, maneno yakigongana. Yeye… anajua?

"Nyet," Lukmani akasema. "Nye znayet."

Hajui.

Mguu wa Zuleha uliendelea kukanyaga. Sindano ilipanda na kushuka kwenye shela lakini hakuwa akiona inapokwenda. Alitaka kupiga kelele, alitaka kukimbilia dukani kwa shangazi yake, na badala ya yote hayo ulimi wake ukatoa maneno yaliyokuwa yamelala kabatini kwenye karatasi ya kaki.

"Kak yiyo zavut?"

Jina lake nani?

Lukmani aligeuka taratibu, rangi imemtoka.

"Zuleha…"

"Nimeuliza. Au nimekosea kutamka? Njoo uniangalie mdomo."

Hazel alikusanya madaftari yake haraka. Alipopita karibu na cherehani alimshika Zuleha bega. "Nisamehe. Sikujua. Naapa sikujua."

"Nenda, dada. Wewe huna kosa."

Mlango ulipofungwa, Lukmani alipiga magoti kwenye mkeka. Daktari wa watu, mbele ya cherehani.

"Nilikuwa mwanafunzi, Zule. Mama yake, anaitwa Nina, tulipendana, tukakosea. Mtoto alikuwa na miaka miwili niliporudi. Nina ameshaolewa na mtu mwingine, wallahi, mwaka wa tatu sasa. Ni mtoto tu. Huwa naongea naye Jumapili."

"Ndiyo maana hukutaka nijue Kirusi."

Lukmani alikunja ncha ya mkeka.

"Mama yako anajua?"

"Ningemwambiaje? Mtoto wa nje ya ndoa, nchi ya mbali… Yule mama ana presha."

"Hujanijibu swali langu la kwanza. Jina lake nani?"

Lukmani alitazama chini. Zuleha akaona midomo ileile aliyoionea wivu ikihangaika kulitoa jina.

"Wanamwita Asya."

"Wanamwita. Jina lake?"

"Asmahani."

Sasa hapo, msomaji, ndipo Zuleha alipojua wivu hasa ni nini. Huyo Nina hakumuuma. Mwanamke wa Voronezh ana mume wake, na awe na heri naye. Ila jina! Jina aliloahidiwa kila Ijumaa kwenye simu, jina lenye kikofia chake tayari, kumbe lilikuwa limekwisha kutolewa na linakimbia huko kwenye theluji. Mtoto wake yeye angekuja kuitwa nani? Alimwonea wivu mtoto wa miaka saba, akajionea aibu kwa wivu huo, na aibu haikuupunguza hata chembe.

"Mpigie," alisema.

"Sasa hivi?"

"Saa zao na zetu ni moja, ulimwambia Hazel wiki ya tatu. Atakuwa ametoka shule. Mpigie nimwone."

Lukmani aliitoa simu kama mtu anayefunua kidonda. Iliita mara mbili. Kwenye kioo akatokea msichana wa rangi ya maji ya kunde, nywele za kujisokota zimefungwa utepe, meno mawili ya mbele hayapo. Na macho, ya Rabi! Yalikuwa ya Bi Asmahani wa Kasulu, yaleyale, kama ameyaazima kwake.

"Papa! Leo si Jumapili!" Alimwaga maneno mengi ambayo Zuleha hakuyapata yote; aliambulia shule, paka, na baridi. Kisha mtoto akasogeza uso kwenye kioo. "Kto eta?"

Huyo ni nani?

Zuleha alingoja. Moyo wake wote ulikuwa kwenye jibu hilo. Angesema mchumba, angesema mke wangu mtarajiwa, hata angesema rafiki, pengine angemsamehe palepale.

Lukmani akaigeuza simu kidogo upande wake.

"Sasyedka," alimwambia mtoto.

Jirani.

Zuleha aliinama mbele ya simu akatabasamu, maana mtoto hana kosa. Akamwambia kwa Kirusi chake cha chaki kwamba anaitwa Zuleha, na kwamba yeye Asya ni mzuri. Mtoto akacheka kwa matamshi yake. Wakaagana. Simu ilipozimika, Zuleha alifuta machozi kwa ncha ya shela.

"Umenificha mimi kwake, umemficha yeye kwangu," alisema. "Huyo binti ningempenda, Lukmani. Ungenitajia siku ya kwanza, ningelia siku tatu, ya nne ningemshonea gauni. Lakini jirani haolewi."

"Zule, ulimi umeteleza, nilishikwa na woga…"

"Kesho asubuhi kuna basi la Kasulu. Panda. Kamwambie mama yako ana mjukuu, na mjukuu ana jina lake. Halafu umpigie mtoto umwambie mimi ni nani. Bi Asmahani akinipigia mwenyewe, nitajua umesema. Jumapili ikipita kimya, Mzee Dadi atarudisha maneno kwenu, posa imekwisha."

"Na mama akizidiwa?"

"Mama yako amezaa watoto saba na kuzika watatu. Anayeogopa ni wewe."

Aliondoka ameinamisha kichwa. Shangazi Swaumu akachungulia kutoka dukani.

"Mbona mwalimu katoka mbio? Mzungu kamfanya nini?"

"Mzungu hajafanya kitu, shangazi," Zuleha alisema, na hapo kilio kikamtoka kwa sauti.

Ijumaa simu haikulia. Jumamosi haikulia. Zuleha alikata vitambaa vya watu akaviharibu, akaomba radhi, akakata vingine. Shangazi, ambaye sasa alijua yote, alizunguka nyumba akisonya. "Wanaume! Wanaume!" Lakini kila baada ya muda na yeye aliitupia jicho ile simu.

Jumapili, adhuhuri imekwisha kuswaliwa, ikalia. Jina lilikuwa la Bi Asmahani.

"Zuleha mwanangu." Sauti ilikuwa imekauka. Mama yule alikuwa amelia sana. "Amekuja. Amenieleza. Nimempiga na mwiko, daktari mzima. Kisha nikamwambia anionyeshe."

"Mama, presha…"

"Achana na presha! Nimemwona mtoto. Ni mimi yule, Zuleha! Ni mimi nilipokuwa mdogo, hata mapengo! Na huyu mpumbavu amempigia mbele yangu, amemwambia wewe ndiye bibi harusi wake. Mtoto anauliza kama ulisema kweli kwamba yeye ni mzuri."

Zuleha alifumba macho. Furaha ile ya mama mkwe ilimchoma. Ilikuwa furaha aliyotaka kumpelekea yeye, kwa tumbo lake mwenyewe. Akaiacha imchome.

"Lakini mwanangu," Bi Asmahani aliendelea, sasa analia tena, "nimezungumza naye, hanielewi. Simwelewi. Ananitazama tu na macho yangu. Nitafanyaje mimi, mtu mzima hivi?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kinywani.

"Nitakufundisha mimi, mama," Zuleha alisema. "Kirusi si kigumu. Kinakwenda kama Kiswahili chetu."

"Mungu akubariki. Na mwanangu je? Yuko hapa mlangoni, hali, hanywi. Nimwambie nini?"

"Mwambie posa ya kwanza ilikuwa na uongo ndani, sina habari nayo. Atume mshenga upya. Na safari hii, kwenye barua, aandike kwamba anaoa akiwa na mtoto, na jina la mtoto aliandike kamili."